Rekodi ikishatoka kwenye kichanganuzi, usiiandike juu

Karibu kila maktaba ya kusoma CSV (faili la jedwali ambalo thamani zake hutenganishwa kwa koma) hufikiwa na ombi lilelile: tuwekeeni methodi ya kubadilisha thamani ndani ya rekodi. Anayeomba ana faili la malipo lenye safuwima tatu: tarehe, simu na kiasi. Namba nyingine za simu zinaanza na 07, nyingine na 255, nyingine na +255 zikiwa na nafasi katikati. Kiasi kimeandikwa `1,250,000/=` kwenye mstari mmoja na `1250000` kwenye mwingine. Anachotaka ni kusoma mstari, kusafisha nyuga mbili, na kuuandika mstari huo kwenye faili jipya. Kuna ubaya gani akiita `rekodi.weka("kiasi", "1250000")` akaendelea na kazi yake?

Ubaya upo, ila hauonekani kwenye mstari huo wa msimbo. Unajitokeza hatua tatu mbele, mikononi mwa mtu ambaye hajui kwamba kuna aliyeigusa rekodi kabla yake. Ndiyo maana natetea usanifu wa rekodi isiyobadilika, hata kama unamlazimu mtumiaji kuandika mistari miwili mitatu zaidi. Rekodi inayotoka kwenye kichanganuzi (parser, sehemu ya maktaba inayosoma faili na kulikata kuwa rekodi) ni ushahidi wa kile faili lilichosema. Ukitaka kusema jambo lingine, tengeneza kitu kingine cha kulisemea.

Mfano wangu mkuu ni Apache Commons CSV, maktaba ya chanzo huria ya Java, kwa sababu usanifu wake uko wazi na matatizo yake yanafundisha. Baadaye nitapita Go, Rust na Python, ambako swali hilihili limejibiwa kwa namna nyingine.

Rekodi imebeba nini

Klasi ya `CSVRecord` ni `final`, yaani huwezi kuirithi. Ndani yake kuna arei ya `String` yenye thamani, namba ya rekodi, mahali rekodi inapoanza kwenye faili kwa hesabu ya herufi, maoni kama yapo, na kiungo cha kurudi kwa kichanganuzi kilichoizaa. Hakuna `put` wala `set`. Unasoma kwa namba ya safuwima, kwa jina lake, au kwa enum, basi.

Angalia vitu viwili vya katikati, `getRecordNumber()` na `getCharacterPosition()`. Vyote viwili vinaelezea faili, havielezei thamani ulizonazo mkononi. Ukiruhusu thamani zibadilike huku namba hizo zikibaki, objekti moja inasema mambo mawili yasiyopatana: "mimi ni rekodi ya 48,210 ya faili hili" na "kiasi changu ni 1250000", wakati rekodi ya 48,210 ya faili hilo ina `1,250,000/=`.

Hapo ndipo mtu wa hesabu anapoumia. Hatua ya kwanza ya programu inaondoa koma na ile `/=` ya mwisho. Hatua ya tatu inakataa rekodi kwa sababu nyingine kabisa, inaandika kwenye logi: rekodi ya 48,210, kiasi 1250000, imekataliwa. Mhasibu anafungua faili la asili, anatafuta 1250000, haoni kitu. Akienda kwenye mstari wa 48,210 anakuta malipo mengine, maana namba ya rekodi si namba ya mstari: uga mmoja wenye mstari mpya ndani ya alama za nukuu unatosha kuzitenganisha hesabu hizo mbili. (Namba ya mstari inapatikana kwenye kichanganuzi, `getCurrentLineNumber()`, na lazima uichukue wakati uleule unaposoma. Ukichelewa, kichanganuzi kimeshasonga.) Kama rekodi ya asili ingebaki ilivyo, logi ingeandika neno kwa neno kilichomo kwenye faili, na mhasibu angelipata mara moja.

Vichwa vya safuwima ni vya wote

Tatizo la pili hupuuzwa sana na wanaoomba `put()`. Majina ya safuwima hayakai ndani ya kila rekodi. Yakikaa humo, faili la rekodi milioni moja litakuwa na ramani milioni moja za majina yaleyale. Kwa hiyo maktaba yenye busara huweka ramani moja ya jina kwenda namba ya safuwima, na rekodi zote huielekea hiyohiyo.

Sasa mtu anaita `rekodi.weka("mkoa", "Mwanza")`, na safuwima ya mkoa haikuwepo. Maktaba ifanye nini? Ikiongeza jina kwenye ramani ya pamoja, rekodi zote nyingine zimepata safuwima ambayo hazina thamani yake. `isConsistent()`, ambayo hulinganisha idadi ya vichwa na idadi ya thamani, itaanza kurudisha `false` kwa rekodi ambazo hakuna aliyezigusa. Ikitengeneza ramani mpya kwa rekodi hiyo peke yake, gharama ya kumbukumbu inapanda na faili la kutoka litakuwa na mistari yenye safuwima tatu na mingine minne. Ikikataa kwa kutupa hitilafu, basi `weka` inafanya kazi kwa majina fulani tu, na mtumiaji atalijua hilo programu ikiwa inaendeshwa.

Python imepita njia ambayo angalau haifichi kitu. `csv.DictReader` inakupa `dict` mpya kwa kila mstari, na unaweza kuibadilisha upendavyo. Mstari ukiwa na nyuga nyingi kuliko vichwa, zinazozidi zinawekwa kama orodha chini ya ufunguo `None`. Lakini `csv.DictWriter` ina orodha yake ya `fieldnames`, na ikikutana na ufunguo usiomo humo inatupa `ValueError`, isipokuwa umeiambia `extrasaction='ignore'`. Maana yake ni kwamba ukaguzi umehamishiwa kwenye kuandika. Ni uamuzi unaoeleweka kwa skripti ya mistari thelathini. Kwa mfumo ambao rekodi inapita mikono sita kabla ya kuandikwa, kosa linagunduliwa mbali sana na pale lilipofanyika.

`final` peke yake haitoshi

Wapo wanaodhani kwamba ukiandika `private final String[] thamani` umemaliza. Hapana. Neno `final` linazuia kubadilisha kiungo, yaani huwezi kuielekeza `thamani` kwenye arei nyingine. Arei yenyewe inabaki wazi, na yeyote mwenye kiungo chake anaweza kuandika `thamani[2] = "0"`. Kuna milango miwili ya kufunga.

Mlango wa kuingilia ni konstrakta, yaani msimbo unaoizaa objekti. Ukipokea arei kutoka nje na kuihifadhi bila kuinakili, aliyekupa bado anaishika. Ndani ya kichanganuzi chenyewe unaweza kukwepa nakala, ilimradi kila rekodi izaliwe na arei yake. Commons CSV inafanya hivyo: nyuga zinakusanywa kwenye orodha moja inayosafishwa na kutumika tena kwa kila rekodi, kisha orodha inageuzwa kuwa arei mpya mwishoni. Orodha ya ndani inabadilika mara mamilioni, lakini hakuna aliye nje anayeiona.

Mlango wa kutokea ni methodi zinazorudisha thamani. `toMap()` inarudisha ramani mpya, na kuihariri hakugusi rekodi. `toList()`, iliyokuja na toleo la 1.9.0, nayo ni orodha mpya. Lakini kuanzia toleo la 1.10.0 `values()` imewekwa wazi kwa umma, na maelezo yake yanasema bayana kwamba si nakala. Inarudisha arei yenyewe. Kwa hiyo msimbo huu unapita bila onyo lolote:

```java
String[] v = rekodi.values();
v[2] = v[2].replace(",", "").replace("/=", "").trim();
// rekodi.get("kiasi") sasa inarudisha thamani iliyobadilishwa
```

Naelewa kwa nini mlango huo ulifunguliwa. Anayesoma faili kubwa hataki kulipia nakala kwa kila mstari ili tu aziangalie thamani. Ila ukiitumia `values()`, itumie kwa kusoma tu. Ukitaka kuandika, ongeza `.clone()` palepale, kwenye mstari uleule, kabla msimbo haujakua na mtu mwingine akasahau arei hiyo ilitoka wapi.

Nakala inagharimu kiasi gani

Hoja ya wanaotaka rekodi inayobadilika mara nyingi ni kasi, kwa hiyo tupige hesabu. Kwenye HotSpot (mashine pepe ya Java) ya biti 64 yenye viungo vilivyobanwa, arei ina kichwa cha baiti 16 na kila kiungo ni baiti 4. Rekodi ya safuwima 40 ina arei ya 16 + 160, yaani baiti 176. Objekti ya rekodi inayoibeba, ikiwa na viungo viwili na `long` moja, ni baiti 32 baada ya kupangiliwa. Nakala nzima ni baiti 208. Maandishi yenyewe hayanakiliwi hata kidogo, kwa sababu `String` haibadiliki, na arei mbili zinaweza kuelekea maandishi yaleyale bila hofu.

Kwa rekodi milioni moja ni MB 208 katika muda wote wa kazi, tena taka ya kupita ambayo mkusanya taka huifagia kizazi kikiwa bado kichanga. Kusoma diski na kugawanya herufi kunakula muda zaidi.

Hesabu inageuka pale unaponakili kwa kila badiliko. Ukiwa na methodi ya mtindo wa `na("simu", x)` inayorudisha rekodi mpya, na ukaiita mara 12 kwa kila mstari, umetengeneza baiti 2,496 kwa mstari, karibu GB 2.5 kwa milioni moja, na nakala 11 kati ya 12 hazikutumika hata sekunde. Hapa malalamiko ni ya haki. Dawa yake ni mjenzi (builder): kusanya mabadiliko yote kwanza, nakili mara moja.

```java
Rekodi safi = rekodi.hariri()
        .weka("simu", sanifishaSimu(rekodi.get("simu")))
        .weka("kiasi", safishaKiasi(rekodi.get("kiasi")))
        .jenga();
```

Mjenzi ndani yake anabadilika, na hakuna ubaya, maana anaishi ndani ya methodi moja na hapewi mtu. `hariri()` inanakili arei mara moja, `weka` inaandika juu ya nakala hiyo, `jenga()` inaikabidhi kwa rekodi mpya. Kuna mtego mmoja hapa: baada ya `jenga()`, mjenzi bado anaishika arei. Akiitwa `weka` tena, rekodi uliyokwisha kuitoa inabadilika. Ama `jenga()` inakili mara ya pili, ama iweke arei ya mjenzi kuwa `null` ili mwito unaofuata uanguke kwa kelele. Mimi nachagua ya pili. Ni rahisi, na kosa linajitangaza lenyewe.

Mtego mwingine ni wa upande wa mtumiaji. Anaandika `rekodi.na("simu", x);` bila kushika kinachorudi, kisha anashangaa simu haikubadilika. Ni kosa lilelile la kuita `replace` kwenye `String` au `add` kwenye `BigDecimal` na kuliacha jibu likapotea. Weka `@CheckReturnValue` kwenye methodi hizo, halafu vikaguzi vya msimbo kama Error Prone au SpotBugs vitalikamata kabla ya msimbo kwenda popote. Na jina lisidanganye: methodi isiyobadilisha kitu isiitwe `weka` kwenye rekodi yenyewe. `weka` iachiwe mjenzi.

Faili likiwa na safuwima mamia na mabadiliko mawili matatu tu, kuna njia ya tatu: rekodi ya asili inabaki, na juu yake unaweka ramani ndogo ya mabadiliko. Kila `get` inaangalia ramani kwanza, ikikosa inashuka kwenye asili. Kusoma kunapungua kasi kidogo, lakini unapata faida ambayo nakala haikupi: ukimuuliza `asili()`, anakuonyesha faili lilisema nini. Kwa kazi za ukaguzi hiyo ndiyo njia ninayoipenda zaidi.

Kwa nini isiwe klasi tanzu

Pendekezo la kuongeza aina ya pili ya rekodi, inayobadilika, limewahi kuwekwa mezani kwenye Commons CSV. Matoleo ya 1.x yamebaki na `CSVRecord` peke yake, na nadhani ni sawa. Tuseme kungekuwa na `RekodiInayobadilika` inayorithi `Rekodi`. Methodi yako inapokea `Rekodi`. Je, unaweza kuihifadhi kwenye `Map` kama ufunguo? Unaweza kuipeleka kwenye uzi mwingine wa utekelezaji? Hujui, kwa sababu huenda uliyepewa ni yule mtoto. Ahadi ya mzazi imevunjwa na mtoto, na kompaila haikusaidii. Kama `equals` na `hashCode` zinategemea thamani, rekodi iliyobadilishwa ikiwa ndani ya `HashSet` inapotea humohumo: ipo, ukizipitia moja moja unaiona, lakini `contains` inasema haipo, kwa sababu inatafutwa kwenye ndoo nyingine.

Kama ni lazima ziwepo mbili, ziwe ndugu chini ya intafesi moja ya kusoma tu, na ile isiyobadilika iwe aina ya peke yake, `final`, ambayo methodi inaweza kuidai kwa jina. Java yenyewe ingekuwa nyepesi zaidi kama orodha zake zisizobadilika zingekuwa na aina yao. Leo `List.of()` na `ArrayList` zote ni `List`, na unajua tofauti pale `UnsupportedOperationException` inapokuangukia.

Kuhusu nyuzi, kuna zawadi ambayo watu hawaihesabu. Uga wa `final` uliowekwa ndani ya konstrakta, mradi `this` haikuvuja kabla konstrakta haijamaliza, unaonekana sawasawa na nyuzi nyingine bila `synchronized`. Hiyo ni ahadi ya modeli ya kumbukumbu ya Java, na inahusu pia yaliyomo kwenye arei kama yalivyokuwa konstrakta ilipokwisha. Kwa hiyo uzi mmoja usome faili, rekodi zigawiwe nyuzi nane zichakatwe, na usiwe na wasiwasi. Kichanganuzi chenyewe usikigawe. Hicho kinabadilika kila hatua.

Go na Rust: kutumia chombo kilekile tena

Kuna aina ya kubadilika ambayo haihusu mtumiaji kuhariri chochote. Maktaba yenyewe inaandika rekodi mpya juu ya ile ya zamani ili isiombe kumbukumbu kila mstari. Hii ndiyo inayoleta hitilafu mbaya kuliko zote, kwa sababu mtumiaji hakugusa kitu.

Go inaiweka kama chaguo. Kwenye `encoding/csv`, kila `Read` kwa kawaida inarudisha slaisi mpya (orodha ya Go inayokaa juu ya arei) ambayo ni yako. Ukiweka `ReuseRecord = true`, slaisi inayofuata inaweza kukalia arei ileile:

```go
r := csv.NewReader(f)
r.ReuseRecord = true
var zote [][]string
for {
	rekodi, err := r.Read()
	if err == io.EOF {
		break
	}
	if err != nil {
		log.Fatal(err)
	}
	zote = append(zote, rekodi)
}
```

Faili la mistari 500 litakupa `zote` yenye urefu wa 500, na kila kimoja kina mstari wa mwisho. Idadi ni sahihi, ndiyo maana jaribio linalohesabu tu linapita. Jaribio lenye faili la mstari mmoja linapita pia. Dawa ni `append(zote, slices.Clone(rekodi))`, au kuacha `ReuseRecord` mahali unapokusanya. `ReadAll` haina tatizo hili hata chaguo likiwa limewashwa, kwa sababu inadai slaisi mpya kila mara.

Maandishi ndani ya slaisi hiyo ni salama, kwani `string` ya Go haibadiliki. Ukinakili `jina := rekodi[0]` utabaki nalo lilivyo. Ila mstari mzima unatengenezwa kama `string` moja na nyuga zinakatwa kutoka humo, kwa hiyo ukishika uga mmoja mfupi umeushika mstari mzima usiondoke kwenye kumbukumbu. Unapohifadhi kitambulisho kimoja kutoka kwenye mistari mipana kwa mamilioni, tumia `strings.Clone`.

Hadoop, mfumo wa kuchakata data kubwa kwenye mashine nyingi, ina mtego wa jamii hiyohiyo: `reduce` inakupitishia thamani kwa kuijaza upya objekti moja ya `Writable`. Ukiziongeza kwenye orodha bila kunakili, utapata orodha ya kitu kimoja kilichorudiwa.

Rust imelishughulikia jambo hili vizuri kuliko lugha nyingine ninazozijua. Kreti (maktaba ya Rust) ya `csv` inakupa njia mbili: `records()`, ambayo inatengeneza `StringRecord` mpya kila mstari, na `read_record(&mut rekodi)`, ambayo inajaza ile uliyoileta. Ukishika kipande cha maandishi kutoka kwenye rekodi kisha ukajaribu kusoma mstari unaofuata juu yake, programu haikompailiki. Yale makosa ya Go na Hadoop hayapati nafasi ya kuzaliwa. Tazama pia kwamba `StringRecord` ina `push_field`, `truncate` na `clear`, lakini haina ya kuweka uga wa tatu. Sababu iko kwenye uhifadhi: nyuga zote zinakaa kwenye bafa moja mfululizo, na pembeni kuna orodha ya mahali kila uga unapoishia. Kurefusha uga wa tatu ni kusogeza kila kilicho baada yake.

Basi yule mwenye faili la malipo afanye nini

Kama anachotaka ni kusafisha na kuandika, asipitie `toMap()`. Watu wengi huanzia hapo na hupoteza data kimyakimya. Vichwa viwili vikiwa na jina moja, jambo ambalo `CSVFormat.DEFAULT` inaliruhusu, ramani inabaki na thamani ya mwisho tu. Mstari mfupi kuliko vichwa unatoa ramani fupi, na thamani zilizozidi vichwa hazimo kabisa. Atumie namba za safuwima (`mchapishaji` hapa ni `CSVPrinter`, inayoandika faili jipya):

```java
String[] nyuga = rekodi.toList().toArray(new String[0]);
nyuga[2] = safishaKiasi(nyuga[2]);
mchapishaji.printRecord((Object[]) nyuga);
```

Kabla ya hapo aulize `rekodi.isConsistent()`, na mistari isiyolingana iende kwenye faili la pembeni. Mistari isiyohitaji kuguswa inapita moja kwa moja: `CSVRecord` ni `Iterable<String>`, kwa hiyo `mchapishaji.printRecord(rekodi)` inatosha.

Kama thamani hizo zitatumika kwenye hesabu, asibaki na maandishi. Ageuze rekodi kuwa aina yake, inayobeba namba ya rekodi pamoja nayo:

```java
record Malipo(LocalDate tarehe, String simu, long kiasi, long namba) {
    static Malipo kutoka(CSVRecord r) {
        return new Malipo(
                LocalDate.parse(r.get("tarehe")),
                sanifishaSimu(r.get("simu")),
                Long.parseLong(safishaKiasi(r.get("kiasi"))),
                r.getRecordNumber());
    }
}
```

Aina ya `record` imo rasmi ndani ya Java tangu toleo la 16. Hitilafu ya kusoma namba itatokea hapa, mara moja, `CSVRecord` ya asili ikiwa bado mkononi, na ujumbe unaweza kunukuu `r.get("kiasi")` kama ilivyoandikwa kwenye faili. Kuna faida nyingine pia. `CSVRecord` inashika kiungo cha kichanganuzi, kwa hiyo ukiihifadhi kwa saa nzima umekihifadhi na kichanganuzi. `Malipo` haina mzigo huo. Na usitegemee kuituma `CSVRecord` kwenye mashine nyingine kwa njia ya `Serializable`: tangu toleo la 1.8 ramani ya vichwa haisafiri nayo, ukiifungua upande wa pili unasoma kwa namba ya safuwima tu.

Kwa anayeandika maktaba yake, kuna jaribio dogo ambalo ningelitaka liwepo siku ya kwanza, kabla ya mtu kuja na wazo la kuongeza kasi:

```java
@Test
void kusomaYaPiliHakugusiYaKwanza() throws IOException {
    CSVFormat muundo = CSVFormat.DEFAULT.builder()
            .setHeader().setSkipHeaderRecord(true).build();
    try (CSVParser p = CSVParser.parse("simu,kiasi\nA,1\nB,2\n", muundo)) {
        Iterator<CSVRecord> i = p.iterator();
        CSVRecord kwanza = i.next();
        kwanza.toMap().put("kiasi", "99");
        i.next();
        assertEquals("A", kwanza.get("simu"));
        assertEquals("1", kwanza.get("kiasi"));
    }
}
```

Faili la jaribio liwe na mistari miwili angalau, na thamani zitofautiane. Kwa mstari mmoja, `i.next()` ya pili itatupa hitilafu; kwa mistari miwili inayofanana, jaribio hili litapita hata kwenye maktaba inayotumia arei ileile tena na tena.